Siku Niliyomfanya Mzungu Maskini

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati kunikumbusha. Lakini nikishakubali kosa, niacheni nikasirike, maana miaka yote hii imepita na bado nikikumbuka lile darasa la kuta za udongo pale Moding, na wale akina mama wote wamenyamaza wananitazama mimi, masikio yananiwaka vilevile kama siku ile, na hasira sijui niitupe kwa nani, kwangu mwenyewe, kwa yule mzungu, au kwa Bwana Wandera na landrova yake.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, na serikali inataka maendeleo kila mahali na jana si leo. Mimi ni mtu wa Marachi. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kuwafundisha akina mama usafi, upishi na kushona, nikapelekwa Moding kwa Wateso, ambako sikuwa na ndugu hata mmoja, na Kiteso changu kilikuwa ni "yoga" ya salamu halafu basi, ukiniongezea neno la pili nacheka tu. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kile chetu cha kuokotaokota, kila mtu na chake, na tukaelewana vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi yenyewe bado ya kujaribiwa, na nilivaa soksi nyeupe (naam, soksi nyeupe, kwenye matope ya Moding, sasa mnajua ni mtu wa namna gani anayewasimulia).

Aliyenipa mahali pa kulala ni Mama Adikini, mjane mwenye maneno machache, mkubwa wa kikundi chetu cha akina mama. Alinipa kijumba kando ya jiko lake, na alipopika hakuniuliza kama nimekula, aliniletea tu. Kikundi kizima kilikuwa na ombi moja: mashine ya kusaga. Wimbi walisaga kwa jiwe, mtu amepiga magoti tangu jua halijatoka, na asiyetaka jiwe alibeba debe kichwani mpaka kwenye mashine ya Malaba, akapanga foleni, akarudi jioni. Nilikuwa nimewaahidi mashine (nani alinituma kuahidi, sijui).

Basi siku moja mkubwa wangu wa ofisi ya Busia, Bwana Wandera, akafika na landrova, na ndani yake mama wa Kiamerika anaitwa Bi Edna, miaka kama hamsini hivi, mabega mapana, uso umepigwa na jua. Alikuwa anazunguka kwa mwezi mmoja kuona vikundi vya akina mama, halafu aandikie wenzake wa kanisani kwao, wachague kikundi kimoja wakipelekee mashine. Bwana Wandera akanivuta kando.

"Huyu si mzungu wa mjini," akaniambia. "Huyu ni wa rizavu kabisa, mashambani ndani, rizavu ya huko Amerika. Waambie akina mama ni mtu wao, wasimwogope."

Kisha akaniachia mgeni akaenda kumwona chifu, na chifu siku hiyo alikuwa na chungu cha pombe ya wimbi na mirija mirefu, kwa hiyo nilijua Bwana Wandera harudi upesi. Laiti angebaki.

Bi Edna akasimama mbele ya akina mama, akasema anafurahi kuwa nyumbani, kwa sababu yeye pia ni mtu wa shamba kama wao. Nikatafsiri. Mama Adikini, aliyekuwa benchi la mbele, akaanza kumtazama kutoka viatuni, akapanda taratibu mpaka kwenye saa ya mkononi, akapumzika hapo.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu ya shamba gani ana viatu kama hiyo?"

Wakacheka wote, kile kicheko cha watu wanaofunga mlango. Bi Edna naye akacheka, hajui anachekwa yeye. Mimi nikakasirika, si kwa mgeni, kwa hao akina mama wangu, kwamba mashine imeletwa mpaka mlangoni na wao wanatazama viatu. Nikasema moyoni, ngojeni.

Bi Edna akaendelea. Akasema jirani yake wa karibu yuko maili nne. Akasema majira ya baridi theluji inaziba barabara, mtu anaweza kukaa hata wiki bila kuona uso wa mwingine. Akasema alipokuwa msichana walikuwa wanavuta maji kisimani kwa kamba na kuwasha taa ya mafuta, umeme ulifika kwao yeye ameshaolewa. Na hapo ndipo nilipofanya. Yale maneno "nilipokuwa msichana" niliyasikia vizuri sana, nikayaacha. Nikawaambia akina mama kwamba huyu anavuta maji kisimani kwa kamba, anawasha taa ya mafuta, na umeme anausikia kwa wengine. Maneno mawili matatu tu nimeyapunguza, halafu nikaongeza moja langu. Nilijiona mjanja.

Kicheko kikaisha. Maswali yakaanza kuja, na ubaya ni kwamba kuanzia hapo sikuhitaji kudanganya tena, kwa sababu majibu yake ya kweli yaliungana na uongo wangu kama ndugu wa tumbo moja.

"Muulize watoto wako wapi."

Wawili, akasema, wote wako miji ya mbali, mmoja ni mwendo wa siku tatu kwa gari.

"Nani anamsaidia kulima?"

Hakuna, ni yeye na mume wake tu.

"Na wakiugua, barabara imefungwa?"

Wanangoja ifunguke.

"Jirani akifa?"

Akasema wakati mwingine wanapata habari baada ya siku mbili.

Akina mama wakatikisa vichwa. Bibi mmoja wa nyuma akasema neno la Kiteso nisilolijua, wengine wakaitikia kwa sauti ya chini, na Mama Adikini akanigeukia uso umebadilika kabisa.

"Huyu watu wake wamemfukuza," akasema. "Mtu hawezi kukaa hivyo kwa kupenda."

Sasa hapo ningeweza kusema. Mdomo nilikuwa nao. Lakini nilimwona Bi Edna anaandika kwenye daftari lake huku anatabasamu, nikaona mashine inarudi mlangoni, nikanyamaza.

Alipaswa kurudi kuaga baada ya wiki moja, akitoka kuona vikundi vya Bukhayo. Wiki ile yote akina mama walikuwa wanasemezana Kiteso, nami nadhani ni habari za pamba. Nilimwona Mama Adikini ameanika blanketi lake juani, nikafikiri ni usafi nilioufundisha (nilijisifu hata kwa hilo).

Siku ya kuaga ikafika, darasa limejaa mpaka madirishani. Safari hii Bwana Wandera alikaa kiti cha mbele kabisa, ameshika kofia magotini. Akina mama wakaingia wanaimba, na mikononi wamebeba vitu: vikapu vya wimbi, karanga, kuku watatu wamefungwa miguu, jembe limetiwa mpini mpya. Mwisho akaja Mama Adikini na blanketi lake, na kwapani amebana kuku wake anayetaga, na hakuwa na mwingine ila huyo. Nilimjua yule kuku. Mayai yake nilikuwa nakula mimi.

"Mama," akamwambia Bi Edna, "tumesikia taabu yako. Sisi hatuna kitu, lakini sisi tuko na watu, wewe huna. Hii si zawadi ya kuaga, hii ni ya kukusaidia. Barabara ikifungwa na baridi, ujifunike."

Bi Edna ananitazama, anangoja. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba akina mama wanamshukuru kwa kuwatembelea. Nikamwona Bwana Wandera amekunja uso, kwa maana yeye lugha zote mbili alizisikia.

Bi Edna machozi yakamtoka. Akalikumbatia lile blanketi, akasema hajawahi kupokewa hivi, na yeye hana kitu cha kuwapa ila kuwaonyesha nyumbani kwake, akafungua mkoba, akatoa albamu ya picha. Nilitamani paa lituangukie.

Albamu ikaanza kutembea benchi kwa benchi. Kulikuwa na nyumba nyeupe ya ghorofa, madirisha ya kioo yote. Kulikuwa na trekta ambalo landrova ya Bwana Wandera ingesimama kando yake kama mbuzi kando ya ng'ombe. Kulikuwa na gari, na gari lingine la mizigo, na jikoni friji imefunguliwa imejaa, na Bi Edna mwenyewe amesimama na simu sikioni anacheka. Ilipopita albamu, sauti zilikufa nyuma yake. Ikamfikia Mama Adikini. Akaweka kidole kwenye nyumba.

"Mwalimu, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya tajiri mmoja wa huko," nikasema. (Ndiyo, nilisema. Nilikuwa nimeshazama, nikaona nizame vizuri.)

Lakini Bi Edna alikuwa na wiki tatu za kujifunza Kiswahili, na akaona kidole kiko wapi. Akainama juu ya bega la Mama Adikini, amefurahi kama mtoto wa shule aliyepata jibu, akasema polepole ili asikosee: "Nyumba yangu. Trekta yangu. Jiko yangu."

Kuku mmoja akalia chini ya benchi, basi.

"Nani aliwaambia huyu mama ni maskini?" Bwana Wandera akauliza.

"Mwalimu," akasema Mama Adikini, akaifunga albamu.

Bwana Wandera hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Alinisimamisha pale mbele, kati ya vikapu, akanifanya niseme kwa Kiswahili kile nilichokiacha na kile nilichokiongeza, kisha nirudie kwa Kiingereza, ili kila upande ujue. Sauti ilinitoka kama ya mtu amebanwa mlangoni. Bi Edna akawa mwekundu shingo nzima. Akajitetea, akasema lakini ni kweli yeye ni mtu wa shamba, kwao mtu aliye mbali na mji na anayekula kutoka ardhini huyo ndiye mtu wa shamba, na huko kwao milimani wako wengine ambao hata leo wanavuta maji kwa kamba, yeye hakusema uongo.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, kwa sababu hakusema uongo kweli. Alisema ukweli mtupu na mikono yake ilikuwa ya kazi, niliishika. Lakini neno ni moja na mambo ni mawili. Shamba la kukaa juu ya trekta na kurudi kwenye friji, na shamba la kupiga magoti kwenye jiwe, huwezi kuyabeba kwenye neno moja, ukasimama mbele ya mtu mwenye jiwe ukamwambia mimi ni kama wewe. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza hiyo tofauti, waulize wenyewe, wabishane, hata wacheke. Mimi nikaifuta, kisha nikaona akina mama wamevua blanketi kwa ajili ya tajiri.

Bi Edna akaanza kuwarudishia vitu. Wakakataa. Kitu kikishatolewa hakirudi, wakasema, na hawakusema kwa upole. Mama Adikini peke yake ndiye aliyeinama, akamfungua kuku wake kamba, akambana kwapani.

"Blanketi achukue," akaniambia, bila kunitazama. "Baridi huko iko, hiyo ni kweli. Kuku yangu ina kazi."

Mashine ilikwenda kwa kikundi kimoja cha Bukhayo. Sikushangaa, maana kanisa gani litachagua mahali ambapo mgeni wao ametoka analia. Mimi kazi sikufukuzwa, nilihamishwa ofisini Busia kupiga mihuri na kufunga bahasha, na Bwana Wandera akawa anapita mezani kwangu kama anapita ukuta.

Kabla ya kuhama nilikwenda kumwomba Mama Adikini msamaha. Siku zote hizo tangu lile darasa chakula alikuwa ananiletea, anaweka, anaondoka. Nilimkuta kwenye pamba anavuna, nikaanza kuvuna kando yake bila kualikwa, mpaka mwisho wa mstari, halafu nikasema nimekosa.

"Yule mzungu hatujui sisi," akasema. "Yeye akikosea nitamwambia nini? Wewe ulikuwa unalala kwangu."

Nikasema najua. Nikasema naomba anisamehe.

"Nimekusamehe," akasema, anaendelea kuchuma. "Lakini nikiwa na neno la kumwambia mgeni, wewe usinisemee. Nitasema Kiteso changu, asiposikia, asisikie."

Sijatafsiri tena tangu siku hiyo. Kanisani wameniomba, mahakamani walimtuma karani kwangu mara mbili, hata harusini kwa binti yangu, alipokuja mkwe asiyejua lugha yetu, niliambiwa nisimame kidogo tu niseme maneno mawili. Nikasema hapana, mtafuteni mtu mwingine, nikabaki nimekaa.