Ndoo ya Mama Kapinga

Pengine mimi ni mjinga, lakini nieleze kwa haki. Kila asubuhi akina mama wa mtaa wa Kamalondo wananiwekea mabaki ya chakula kando ya njia, ndani ya ndoo, nami nayakusanya kwa ajili ya nguruwe wangu. Jioni ninarudisha kila ndoo ikiwa imeoshwa. Hiyo ndiyo sifa yangu.

Juzi, mbele ya mlango wa Mama Kapinga, nilikuta ndoo ya mihogo iliyolainika, inanuka vikali. Nikamsikitikia: tangu Katanga ijitenge na Kongo unga ni shida, naye ameacha chakula kioze. Kosa si lake. Ndoo ya mabaki ilikuwa pembeni. Mimi nilifuata pua, nikabeba ile ya mihogo.

Jioni nikabisha hodi mwenyewe, nipate shukrani.

“Mama, ngulube banakushukuru. Habakubakisha kitu.”

Akatazama ndani ya ndoo, kisha akanitazama mimi.

“Baba, ile mihogo nililowesha siku tatu. Ilikuwa ya kuanika, nitwange unga, nisonge bukari. Siku ya Mungu bakwe zangu banakuja.”

Nikaitazama ile ndoo niliyoiosha vizuri.

“Bakiuliza bukari iko wapi,” akasema, “nitabaonyesha weye.”