Mbegu ya Gati ya Matopeni

Ukaidi wa Gati haukuanza jana. Wakati wa kuvuna mtama, wenzake huchagua mbegu kwenye masuke manene ya mteremkoni. Yeye hushuka bondeni, kwenye kona ambako maji ya mto Mara hutuama kila masika, akakata masuke membamba yaliyosalimika na kuyatundika juu ya mafiga yapate moshi. Miaka kumi na minne walimcheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Alipofiwa na mume, shemeji yake Rubeni alilitaka bonde liwe malisho. Kikao cha ukoo kikakata shauri: mtama ukifa kwa maji msimu huu, ng'ombe waingie. Masika yalipofika, maji yalikaa shambani siku kumi na moja. Mahindi ya majirani yakawa manjano, yakaanguka. Siku ya kumi na mbili Rubeni akaja na ng'ombe wake.

Gati alisimama njiani na jembe mkononi. Aliogopa, maana mtama wake nao ulikuwa umenyong'onyea, lakini hakusogea.

"Shemeji, ng'oa shina moja mwenyewe. Mizizi ikiwa imeoza yote, pitisha ng'ombe."

Rubeni aling'oa. Mizizi ya chini ilikuwa imeoza, inanuka. Lakini juu yake, kwenye pingili, ilikuwa imechomoza mingine mipya, minene, myeupe pe.

Pudensiana, afisa kilimo aliyekuja kukagua hasara, aliukata mzizi mmoja kwa kisu. Ndani ulikuwa na matundu matundu.

"Hewa inashukia humu," alisema. "Mmea ukikosa hewa, vinasaba, yaani ule urithi uliomo ndani ya mbegu, vinaamka na kuuamuru ujenge njia hizi. Mtama mwingi unavyo, ila mwingine unachelewa, unakufa. Huu umewahi. Mama amekuwa akichagua mbegu ya unaowahi, mwaka hadi mwaka. Mama, nani alikufundisha?"

"Maji yenyewe," Gati alijibu, bado hajashusha jembe.

Rubeni aliwageuza ng'ombe bila kuaga.

Wakati wa mavuno alirudi, safari hii peke yake, na viatu vyake vya kanisani, kuomba mbegu. Gati hakumnyima. Alimpa kisu, akamwonyesha ile kona ya bondeni.

"Masuke yako kule kwenye tope, shemeji. Vua viatu."