Siku Nilipomkana Taata

Harufu ya saruji mbichi hunisimamisha hata leo. Majuzi nilipita Nyanga, mafundi wakipiga lipu nyumba mpya, nikasimama pembeni ya shamba la kahawa la watu kama niliyeitwa jina. Ninalowaambia sijawahi kumsimulia mtu.

Taata, ndivyo sisi Wahaya tumwitavyo baba, alikuwa mwashi kutoka Kimwani. Nilipokuwa darasa la nne alipata kazi Msumbiji, kwenye ujenzi wa kiwanda kikubwa cha kuyeyusha alumini. Akakaa huko karibu miaka miwili. Mimi shuleni, Rwamishenye, nikatangaza kwamba baba yangu ndiye injinia mkuu, kwamba Wazungu wakikwama humwita yeye, na kwamba atarudi na gari jeupe. Mwalimu naye aliniamini, akanisimamisha mbele ya darasa nieleze habari za kiwanda. Nilieleza kwa mbwembwe, ingawa alumini niliyoijua ilikuwa ya sufuria za mama tu.

Alirudi mchana, wakati wa mapumziko, moja kwa moja kutoka stendi, kwa miguu. Buti zake zilikuwa zimegandwa na saruji, kucha zimepasuka, kikohozi kikimtangulia. Kwapani alibana boksi la viatu.

"Huyu nani?" akauliza rafiki yangu Anitha.

Ulimi ulikimbia kabla ya moyo. "Kibarua wa babu. Katoka Kimwani."

Taata alisikia. Alinitazama kidogo, akavua kofia.

"Baba yako kanituma nikuletee viatu," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye nami huongea Kihaya siku zote. "Anasema usome kwa bidii. Kazi bado imembana."

Akaondoka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Viatu vilinibana, alikuwa amekisia mguu alioniacha nao.

Jioni nilijikunyata nikingoja fimbo. Yeye alikula matoke yake taratibu, akimweleza mama walivyopanga matofali ya kuhimili moto ndani ya matanuru. "Ukiacha upenyo wa ukucha tu, uji wa alumini unapita, watu wanaungua." Ya shuleni hakuyagusa. Tangu hapo, kila kikao cha wazazi alikwenda mama. Nilidhani Taata ana shughuli nyingi.

Mwaka jana nilimfuata Kimwani, nikapiga magoti, nikaomba radhi.

"Mwana wange," akasema, "hayo ya zamani. Hata siyakumbuki."

Mama alinisindikiza hadi njiani. "Anakumbuka," akasema. "Siku ile alinieleza yote, akanikataza nisikuchape. Alisema alijifanya kibarua kwa sababu mtoto akiumbuliwa mbele ya wenzake, hasomi tena."

Uongo wa siku ile ningeweza kuusamehe, nilikuwa mtoto. Lakini nilifika darasa la saba, nikafika kidato cha nne, nikavaa joho la chuo, na kila mahafali Taata alibaki nyumbani, akingoja mimi mwenyewe niseme njoo. Sikusema.