Nyimbo Tano Hadi Sokoni

Harufu ya marakuja yaliyoiva na majani ya mikaratusi yaliyolowa mvua ikinifikia popote nilipo, miguu yangu hutaka kuondoka. Haitaki kwenda mbali. Inataka njia moja tu, ile iliyotoka nyumbani kwetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ikapita kwenye maharage ya majirani, ikaingia migombani, ikafuata uzio wa shamba la marakuja la Mzee Katungi, kisha ikakata msitu wa mikaratusi hadi sokoni. Haikuwa njia ya kujivunia. Ilikuwa nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja alilazimika kukanyaga nyasi, na haikuwa na mlima wa kumtoa mtu jasho. Lakini asubuhi, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala bondeni na matone yakidondoka kutoka jani la mgomba hadi jingine, nilikuwa nikitembea humo kwa furaha ambayo sijaipata tena kwenye barabara yoyote ya lami.

Nilitembea na shangazi Faida, dada yake marehemu baba. Ndiye aliyenibeba mgongoni tulipotoka Kivu ya Kusini, na ndiye aliyenilea. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mwimbaji wa korali, yaani kwaya ya kanisa, na kila Jumamosi alinunua marakuja kwa Mzee Katungi akayauza sokoni, hatua chache kutoka kanisani kwetu. Wanakorali wetu walikuwa na desturi moja niliyoipenda sana. Walipokwenda kuimba kwenye makanisa mengine walikwenda kwa miguu, wakiimba tangu mlangoni, na umbali waliuhesabu kwa nyimbo. Ukimuuliza mmoja wao kijiji fulani kiko wapi, alikujibu kwamba ni nyimbo nane, au tisa kama mnatembea na wazee. Kutoka kwetu hadi sokoni zilikuwa nyimbo tano.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nilipogundua alichokuwa akinificha. Mzee Katungi alikuwa mwanajeshi mstaafu, aliyeishi miaka mingi kambini Makenke na kutoka huko na Kiswahili chake cha amri, na alikuwa na mazoea ya kutundika koti lake la zamani la jeshi kwenye kisiki karibu na uzio. Asubuhi moja ya Novemba shangazi alisimama mbele ya kisiki kile, akainama kwa heshima, akasema, "Agandi, mzee," kama Wanyankore, wenyeji wa huko, wanavyosalimiana. Kisiki kikanyamaza. Akarudia, kwa sauti zaidi. Ndipo Mzee Katungi akajitokeza nyuma ya marakuja, mkasi wa kuvunia mkononi. "Mama, mimi iko huku," akasema. "Hiyo ni koti tu. Hapana jibu." Shangazi alicheka hadi akashika kiuno, nami nikacheka. Kisha nikamtazama machoni, na kicheko kikanikauka. Alikuwa akitazama kando yangu kidogo, mahali ambapo sikuwa nimesimama.

Kwenye zahanati walisema macho yake yataendelea kufifia na kwamba hakuna miwani itakayoyarudisha. Wakati huohuo kanisa lilikuwa limeahidi kunilipia karo katika shule ya bweni ya wasichana Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, mjini Mbarara, kama ningefaulu. Nilitamani shule ile hadi nikaiota. Lakini nani angemwongoza shangazi? Hatukuwa na mtu mwingine. Nikamwambia sitakwenda, nikilia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya uongo kwa sababu moyoni nilitaka anikatalie. Akanikatalia. "Utaenda kusoma," akasema. "Miye nitaifunza hii njia na magulu. Siku nitaitembea mwenyewe mupaka sokoni, weye nyuma yangu bila kusema hata neno moja, njo utajua unaweza kwenda. Nikishindwa, utabakia." Tukakubaliana hivyo.

Tukaanza kujifunza njia kwa miguu. Novemba yote na Desemba tulitembea, yeye amefumba macho kabisa na kushika fimbo, mimi kando yake. Wimbo wa kwanza uliishia kwenye migomba ya kwanza. Wa pili ulitupitisha migombani, ambako majani yalisuguana juu ya vichwa vyetu na udongo ukanuka unyevu. Wa tatu ulikuwa wa uzio. Nyaya za marakuja zilikuwa upande wa kushoto, na Mzee Katungi alikuwa amezitundikia makopo matupu ya kufukuza ndege. Mahali uzio ulipokwisha palikuwa na njia panda. Ukikata kushoto uliingia msituni, na nyimbo mbili baadaye ulisikia kelele za soko. Ukinyoosha mbele uliteremka hadi kwenye mafunjo ya ziwa, na huko kulikuwa na viboko. Kwa hiyo wimbo wa tatu tuliufanyia mazoezi kuliko zote. Shangazi alikuwa akitia neno la mwisho, anasimama, anapapasa kwa fimbo, na mguu wake wa kushoto unagusa majani makavu ya mkaratusi. Hakukosea hata mara moja. "Hii fasi nimeishika," alikuwa akisema, akigonga mahali pale kwa fimbo, na kuomba tupumzike ale marakuja. Tuliketi ukingoni mwa msitu, tunayapasua kwa meno, tunafyonza, tunatema maganda, naye ananisimulia habari za wanakorali waliokosea sauti zamani. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema hivyo, ingawa tulikuwa tukijiandaa kwa ajili ya upofu.

Januari malaria ikamshika, tukakaa nyumbani wiki tatu. Mvua ikakatika. Matokeo yakaja, nikawa nimefaulu, na Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ikawa siku ya jaribio. Shangazi alivaa kitenge chake cha kanisani, akafumba macho, akaanzisha wimbo wa kwanza. Nikamfuata kwa hatua ishirini, nimevua viatu nisisikike. Alipita maharage vizuri na migomba vizuri. Kwenye uzio ndipo nilipoona kosa letu. Tulikuwa tumeipima njia kwenye tope. Kwenye tope mtu hutembea hatua fupi, akihofia kuteleza. Sasa udongo ulikuwa mkavu na mgumu, jua lilikuwa kali, na shangazi alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kushinda. Ubeti wa mwisho ulikuwa bado mdomoni mwake alipofika mwisho wa uzio, akaipita njia panda akiimba, akaanza kuteremka kuelekea mafunjo.

Nilikuwa nimeapa kutosema neno. Ningesema, angekuwa ameshindwa, na ningebaki. Nisingesema, sijui nini kingetokea kule chini. Nikakimbia kwenye waya wa mwisho wa marakuja, nikautikisa mara moja kwa nguvu zangu zote. Makopo yakalia. Shangazi akanyamaza. Akageuza kichwa, akasikiliza, akatabasamu, akapanda tena hatua zile chache akipapasa kwa fimbo, akakata kushoto na kuingia msituni na wimbo wa nne. Sokoni alifika akiwa na kiburi cha kumtosha mfalme. Aliwasimulia wauza samaki, wauza sombe na mboga nyingine, kila aliyekuwa na masikio. Nami nikanyamaza, nikaenda Nyamitanga na sanduku langu la bati, na muhula wote nilijiona mwizi. Kila usiku nilimwona akiteremka kwenye mafunjo akiimba ubeti wa mwisho, kwa sababu yangu.

Likizo ya kwanza nilikimbia njia ile peke yangu kabla sijafungua sanduku. Kwenye njia panda nikakuta kamba imefungwa kutoka mkaratusi wa kwanza wa msitu hadi kwenye nguzo mpya upande wa pili, ikikatiza ile njia ya kuteremkia ziwani, na kambani yamening'inia makopo sita. Hakuna ambaye angepita pale bila kuyagonga. Nilipouliza, shangazi alisema ni mambo ya Mzee Katungi na ndege wake. Nilifurahi mno kwa bahati ile hivi kwamba sikuuliza zaidi.

Sasa ni mwaka 2015, nami ni muuguzi Mbarara. Kutoka chumba changu Nyamitanga hadi kazini navuka Rwizi kila asubuhi, na mara mbili nilijaribu kuipima safari hiyo kwa nyimbo. Ya kwanza ilikatizwa na honi za bodaboda, ya pili na simu yangu mwenyewe. Nina saa inayoniambia dakika, na sijui kazini ni nyimbo ngapi. Huko Nakivale msitu umekatwa ukachipua tena, mikaratusi sasa inanifika begani tu, na nusu ya shamba la marakuja imekuwa mahindi. Mzee Katungi anatembelea mkongojo. Shangazi haoni kitu, na bado kila Jumamosi anakwenda sokoni.

Mwezi uliopita tulikwenda pamoja. Nikamwomba aniache nifumbe macho mimi, aongoze yeye. Wimbo wa tatu ukaniishia mahali nisipopajua, nikasimama kama mjinga, hadi aliponishika mkono na kuupeleka mbele kidogo, ukagusa kamba. Makopo yakalia. Hayakuwa yale ya zamani, kamba pia ilikuwa mpya, lakini mlio ulikuwa uleule wa siku ile. Nikamwambia kuna jambo sijawahi kumwambia. Akacheka.

"Ile siku jua ilikuwa kali, hata upepo kidogo hapana," akasema. "Ulizania niliamini ile bikopo ilijipiga yenyewe? Kesho yake nikaenda kwa mzee, nikamuomba kamba."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niende, ilhali alijua ameshindwa.

"Kama ningekuambia, ungebakia," akasema. Akapapasa kwa fimbo, akakata kushoto, akaanzisha wimbo wa nne juu mno kama kawaida yake, nami nikamfuata, macho yangu bado nimeyafumba.