Dungu Tupu Katikati ya Safu

Ukimfukuza ndege kwako, umemtuma kwa mtu. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa nilipoolewa huku chini, upande wa Kiambere, na sikupewa kwa upole. Mimi ni wa Meru juu, kwenye kahawa na ndizi, na kwetu hakuna mtu anayeshinda shambani akiamia mazao, akipigana na ndege. Mama mkwe alinipandisha kwenye dungu, lile jukwaa la miti linaloinuliwa juu ya mimea ili uone mbali, akanipa kombeo na madonge ya udongo mkavu. Akaniambia, "Ukirusha, piga na kelele. Anayefuata ajue wanakuja."

Madungu yetu yamepangwa kwa safu kutoka barabarani kuteremka hadi karibu na maji. Wa kwanza akipiga kelele, wa pili anapokea, wa tatu anapokea, ndege hawapati pa kutua mpaka wanachoka na kuvuka Mto Tana. Dungu moja likikosa mtu, wanatua hapo hapo. Wanakula wanashiba, na kesho wanarudi na ukoo wao wote.

Msimu ninaousimulia, uwele ulikuwa umezaa mpaka mtu anaogopa kuusifu. Kwa miaka tulikuwa tumepanda mahindi kwa sababu tuliambiwa tupande mahindi, na jua lilikuwa likiyachoma yakiwa magotini. Tukarudia uwele wenyewe, kwa mbegu aliyokuwa ameitunza mama mkwe jikoni juu ya moshi. Hatukuambiwa na mtu. Kwa hivyo masuke yale yalikuwa chakula chetu mpaka mvua nyingine, na yakienda, tungerudi kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Nimesimama kwenye foleni hiyo. Unapewa mahindi na maneno juu yake, na maneno ndiyo yanayokaa tumboni.

Punje zilipoanza kuwa na maziwa tukasikia kwamba kwelea wamelala kwenye matete ya bwawa. Mtu asiyewajua atasema ni ndege tu, mdogo kuliko ngumi ya mtoto, mdomo mwekundu. Lakini hawaji mmoja. Wakipita juu yako kivuli chao kinapita ardhini kama cha wingu, na wakitua unasikia punje zikipasuka shamba zima.

Afisa wa kilimo alikuja, kijana mwenye adabu, akatukusanya uani mwa kanisa. Alisema anaweza kuleta droni jioni moja, inyunyize dawa pale wanapolala, na kesho yake mambo yamekwisha. Alitaka tu tukubali, kwa sababu mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye migunga ya kule ingebidi ishushwe, na mbuzi wasiende kunywa maji huko.

Jirani yangu alikubali kabla kijana hajamaliza. Huyu shamba lake linapakana na langu, na dungu lake ndilo la katikati ya safu. Ni mtu mpole mpaka uguse kitu chake.

Mimi nikasema hapana. Nikikasirika sauti yangu hupanda yenyewe, na siku hiyo nadhani walinisikia mpaka ng'ambo.

"Wewe una mzinga gani?" jirani akaniuliza. "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Sina mzinga, nina ndengu," nikamwambia. "Ulisahau ile dawa ya mara ya mwisho? Ndengu zilitoa maua, yakaanguka yote bila kuzaa, kwa sababu hapakuwa na nyuki hata wa kusingiziwa. Na watu waliookota wale ndege wakawala, si tuliwabeba hospitali? Ama hao pia sasa ni pilipili?"

Tuliongea mpaka jua likageuka. Wengine walikuwa na mizinga, wengine walikumbuka wale wagonjwa, na mwisho mikono mingi ikawa upande wangu. Afisa akasema sawa, shamba ni lenu. Jirani akasimama, akakung'uta suruali.

"Haya. Mmekataa dawa," akasema. "Amieni ndege basi."

Walikuja asubuhi iliyofuata. Kelele ya kwanza ilitoka barabarani, ya pili ikapokea, nami nikazungusha kombeo na kungoja zamu ya jirani ili baada yake nipokee mimi. Kimya. Nikatazama dungu lake, nikaona miti mitupu na utepe wa kaseti aliofunga kutishia ndege ukipepea bure. Wakatua kwake wote, uwele ukainama kwa uzito wao.

Nitasema ilivyokuwa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, kuleni, kuleni vizuri, mwenyewe ametaka. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi ngozi yangu ilikuwa salama.

Mama mkwe alikuwa kwenye dungu la chini yangu, mwisho wa shamba letu. Akaniita, "Unangoja nini?"

"Mwenyewe hayuko, Mama."

"Ndege hawaulizi mwenyewe. Wakishiba hapo, kesho watakuja kulala hapo. Shuka."

Nikashuka nikimtukana jirani kwa Kimeru, kwa sababu kwa lugha ya huku matusi yangu bado ni machache. Nikaingia kwake nikipiga debe, nikirusha udongo, nikipasua koo. Wakainuka kwa mara moja, hewa ikajaa mabawa. Nikawafukuza waliobaki suke kwa suke mpaka shamba lake likabaki bila ndege, halafu nikageuka kuangalia wameelekea wapi.

Walikuwa wametua kwangu. Dungu langu nalo lilikuwa halina mtu, na mama mkwe kwa umri wake alikuwa akipiga kelele peke yake upande mmoja huku wao wakila upande wa pili. Nilikimbia. Nilipofika na kuwainua, mabua yalikuwa yamesimama wima vizuri kabisa na masuke yake yamekuwa vijiti. Kilichobaki kilikuwa ukanda mwembamba upande wa mama mkwe. Nikakaa chini katikati ya mabua nikalia, na sikulia kwa sauti ndogo.

Alasiri gari likaja. Jirani alikuwa ameketi mbele pamoja na afisa, na nyuma kulikuwa na droni na madumu ya dawa. Alikuwa ameenda kuwaita mwenyewe. Watu wakakusanyika njiani. Akashuka, akatazama uwele wake uliosimama na masuke yake, na njia niliyoikanyaga ndani yake, kisha akatazama kwangu. Akamuuliza mama mkwe kumetokea nini, naye akamwambia kwa maneno machache, bila kumlaumu.

Afisa hakujua ndege walifikaje kwangu. Akanigeukia kwa heshima.

"Mama, wewe ndiye ulikataa sana jana. Nimeambiwa wamekumalizia uwele. Leo unasemaje?"

Wote wakaniangalia. Nilijua nikisema ndiyo hakuna atakayebaki na nguvu ya kukataa, kwa sababu wengi jana walisimama nyuma ya sauti yangu.

"Pigeni," nikasema. "Pigeni yote. Na nyuki waende, kila kitu kiende."

Afisa akaanza kufungua kamba za madumu. Ndipo jirani akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Wacha kwanza. Huyu ana uchungu. Hilo si jibu letu."

"Lakini mzee, si wewe umekuja kuniita?"

"Nilikuja peke yangu," akasema. "Hawa walijibu wakiwa pamoja. Rudi nayo."

Nikamgeukia kama mwendawazimu. Nikamwambia ni rahisi kukataa dawa ukiwa na uwele umesimama, nikamwambia tumbo lake ndilo linalojua kesho atakula nini, na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu mama mkwe alikuwa hapo. Alisimama akayapokea yote, hakurudisha hata moja. Gari likageuza likaondoka.

Usiku ule niliapa kwamba sitapanda tena. Nipande nikaamie vijiti? Kulipokucha nilikuwa jikoni nikikoroga uji, nikasikia kombeo likilia shambani kwangu. Nikatoka. Jirani alikuwa amesimama juu ya dungu langu, madonge ya udongo yamepangwa miguuni, akilinda ule ukanda mwembamba uliobaki kana kwamba ni shamba la baba yake.

Hasira haikuwa imenitoka, na sikumsalimia. Lakini kule barabarani kelele ya kwanza ilikuwa imeshapigwa, na kwake kulikuwa hakuna mtu. Nikauacha uji motoni, nikakimbia, nikapanda dungu lake.