Jasho Halisafishi Mapafu

Shemeji yangu ana shingo pana kuliko paja langu, na mimi si mtu wa kupeperushwa na upepo. Ni mume wa mdogo wangu. Mtaani wanamwita Chuma, na watoto wake wanaitwa Misumari, jina ambalo mama yao halipendi hata kidogo. Wao wanakaa ghorofa ya tatu, mimi nakaa ya chini na cherehani yangu, na kila fulana anayonunua lazima ipite kwangu niipanue mabega.

"Shemeji," nilikuwa nikimwambia, "mikono yote hiyo, na bado mdogo wangu anaosha vyombo peke yake?"

"Vyombo vyenu vyepesi mno, shemeji. Vitanishushia kiwango."

Ndivyo tulivyokuwa. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba ninapomtetea, simtetei malaika. Namtetea mtu ninayemjua mpaka harufu ya soksi zake.

Kazi yake ni ukocha wa mazoezi. Jimu yenyewe ilikuwa nyuma ya soko, chumba kirefu chenye vioo ukutani na mashine zilizobanana. Watu wanadhani kocha wa jimu ni wa kuwajaza vijana vifua tu. Jioni, sawa. Lakini asubuhi alikuwa na kundi lake la watu wazima: wenye presha, wenye kisukari, wenye magoti yanayolia kama mlango usiotiwa mafuta. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, yule aliyenifundisha hesabu zikanishinda. Sukari ilikuwa imeanza kumharibu macho. Chuma alimtembeza, akamkalisha, akamsimamisha, mpaka sukari ikashuka na mzee akawa anapita mtaani akijipiga kifua. Kila alipotaka kuacha, Chuma alimwambia neno lake la kazi: "Ongeza moja!" Na Mwalimu anaongeza. Mtu aliyezoea kuamrisha darasa zima alimtii kijana huyu kama mtoto wa chekechea.

Kisha ukaja ule ugonjwa.

Bosi wake, mwenye jimu, alitundika bango mlangoni. Picha ya shemeji yangu, kifua wazi, amekunja mikono, na chini yake maandishi mekundu: MWILI HUU HAUUGUI. Nilipoliona nilisimama barabarani na mfuko wangu wa vitambaa, damu ikanichemka. Nani kamwambia ugonjwa unaogopa misuli? Na mbona hakutundika picha yake mwenyewe, na lile tumbo linalotangulia kuingia mlangoni?

Ilipotoka amri ya kufunga sehemu za mikusanyiko, Bosi alifunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma. Madirisha yakawekewa mapazia mazito ili mwanga usionekane nje. Humo ndani watu wakawa wanahema pamoja, huyu anatoa pumzi, yule anaivuta. Chuma alimwendea akamwomba: tufungue madirisha, au wazee niwatoe nje uwanjani, kila mtu mbali na mwenzake. Jibu alilopewa alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu cha wateja huku ananikwepa macho.

"Wewe ni bango langu," Bosi alimwambia. "Si daktari wangu."

"Na wewe ukasemaje?" nikamuuliza.

"Shemeji, mwenye nyumba naye hasikii hoja, anataka kodi yake."

Akarudi kazini. Sikumlaumu sana wakati ule na simlaumu sana sasa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Bosi alikuwa ameshiba.

Chuma aliugua. Aliugua na Mwalimu, na wengine wa kundi la asubuhi, karibu kwa mpigo. Mwili ule uliokuwa hauugui ulilazwa na mpira wa hewa puani, na mdogo wangu hakuruhusiwa kuingia wodini hata kumshika mkono. Wateja walipouliza kocha yuko wapi, unajua Bosi aliwajibu nini? Kwamba amesafiri. Amesafiri! Mtu anapigania pumzi, halafu watu wanaambiwa yuko safarini kama aliyekwenda harusini. Bango halikushushwa. Kila aliyepita mlangoni aliona lile jimwili liking'aa juani, na waliojua ukweli walicheka: "Kumbe yale mamisuli ni mapambo." Hao nao nina neno nao, lakini siku nyingine.

Alirudi nyumbani amepungua hivi kwamba ilinibidi nizirudishe fulana zake kwenye cherehani, safari hii kuzibana. Nilizishona huku nalia, sindano ikanichoma kidole.

Ngazi zilimshinda. Alipanda mpaka ghorofa ya kwanza, akakaa kwenye kidato kama mzigo ulioachwa na mpagazi. Na hapa ndipo nilipoona jinsi kazi inavyoweza kumdanganya mtu. Miaka yote aliwafundisha watu kwamba ukichoka ndipo mazoezi yanaanza. Basi akajifanyia hivyo hivyo. Usiku ule alilala kwangu. Asubuhi ya pili alijisimamisha mlangoni pangu, nikamsikia kwa masikio yangu akijinong'oneza, "Ongeza moja," akapanda, akaongeza tena, mara kishindo. Mdogo wangu akapiga ukelele. Nilitoka mbio na futi ya kupimia shingoni, nikamkuta amelala kwenye korido, midomo imekuwa ya rangi ya jivu.

Daktari aliyempima alimwambia wazi kwamba ugonjwa ule unaweza kugusa moyo, na moyo uliovimba haujui ushujaa. Apumzike, aanze na kidogo kabisa, aache kabla hajachoka. Kabla, alimsisitizia. Mtu mwingine angenuna. Tulipofika nyumbani Chuma akasema, "Shemeji, nimekuwa nikifundisha nusu ya kazi."

Akaanza upya. Kuvuta pumzi taratibu puani, kuitoa mdomoni kama anayepoza chai. Kuinuka kwenye kiti, kukaa. Kutembea korido, kuegemea ukuta. Aliushika mkono wake akisikiliza mapigo ya damu kwa makini, kama ninavyosikiliza cherehani ikibadili mlio. Akapata nafuu, kidogo kidogo, na mdogo wangu akaanza tena kula.

Ndipo amri ikalegezwa na Bosi akajitokeza. Alikuja na mfuko wa machungwa na kilemba cha ukoka.

"Simba wangu! Mtu kama wewe haangushwi na homa. Watu wanakuulizia mpaka nachoka."

Alichotaka ni hiki. Jimu inafunguliwa rasmi, kutakuwa na sherehe ndogo, wapiga picha wameitwa. Chuma asimame katikati, anyanyue ile fito nzito ya vyuma vya uzito mbele ya watu ili waone kwamba jimu haijashindwa. Na wale waliopona wote wameshatumiwa ujumbe kwenye simu: UMEPONA? NJOO UTOE MABAKI YA UGONJWA KWA JASHO. Chuma akamwambia daktari amekataa. Bosi akamenya chungwa lake mwenyewe, akala, akasema yupo kijana mwingine ana kifua kizuri tu, naye anatafuta kazi.

Mdogo wangu alitazama sakafu. Mimi sikutazama sakafu.

"Bosi, hayo mabaki yanatokaje kwa jasho? Mapafu ni shati, yafuliwe?"

"Mama, wewe shona nguo," akanijibu, akaaga.

Chuma alikubali. Aliniambia atainyanyua mara moja tu, wapige picha, ashushe. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Nilimuuliza Misumari watamwita nani baba. Akasema, "Na watakula nini, shemeji?" Nikaikanyaga cherehani kwa hasira mpaka mshono ukapinda. Siku yenyewe nilivaa barakoa nikaenda naye, angalau awepo mtu wa kumdaka.

Palijaa. Maputo, muziki, madirisha yale yale yamefungwa eti joto lisitoke. Chuma alivikwa fulana mpya iliyompwaya mabegani, Bosi akaibana kwa pini mgongoni ili mbele ikae vizuri kwenye picha. Akasimama mbele ya fito, akainama, akaishika. Wapiga picha wakainua kamera. Nami nilikuwa nasali.

Hakuinyanyua. Alikuwa ameinua macho kutazama kioo, na kwenye kioo akamwona Mwalimu.

Mzee alikuwa nyuma kabisa, kwenye mashine ya kukimbilia, amevaa suruali yake ya mazoezi ya zamani. Amepona ugonjwa, kapata ujumbe, kaja. Mkono mmoja umeshika chuma cha mashine, mwingine umebana kifua, midomo ina ile rangi ya jivu niliyoiona kwenye korido. Na bado anakwenda. Nilimsoma midomo. Alikuwa anajiambia kwa pumzi ya mwisho mwisho, "Ongeza moja. Ongeza moja."

Chuma aliiacha fito, akapita katikati ya watu, akazima mashine, akamdaka mzee kabla hajaanguka. Akamkalisha chini, akampakata mgongo kwenye kifua chake.

"Acha, Mwalimu. Usiongeze. Toa pumzi polepole. Nilikufundisha vibaya, acha." Kisha akapaza sauti, sauti ambayo haikuwa na nguvu hata ya kushinda muziki, mpaka nikaenda mimi kuuzima. "Ambaye ameugua na kupona, asikimbie leo. Nendeni kwanza mkapimwe. Mimi mwenyewe siwezi kupanda ngazi za nyumba yangu bila kukaa njiani. Sikusafiri. Nilikuwa nimelazwa."

Bosi alicheka kile kicheko cha kuwapoza wageni, kisha akainama sikioni mwa Chuma. Hakujua kwamba nami nimeinama kwa upande wa pili.

"Umeniharibia shughuli. Ukitoka hapo mlangoni usirudi."

"Nisaidie kumbeba kwanza," Chuma akamwambia. Bosi hakumsaidia. Tulimbeba mimi na mpiga picha mmoja.

Mwalimu alilazwa tena. Moyo ulikuwa umevimba, kama wa Chuma na zaidi. Daktari alisema angeendelea kidogo tu, mashine ile ingemshusha akiwa maiti. Na Bosi? Bosi alichukua picha ya Chuma amempakata mzee, akaisambaza kwenye simu za watu: KOCHA WETU AOKOA MAISHA YA MTEJA. Kocha wetu! Aliyemfukuza siku ile ile! Niliuma uzi mdomoni mpaka ukakatika. Watu wakamsifu, wakajiandikisha.

Chuma alikaa ndani kwa muda, ameduwaa. Mwalimu ndiye aliyemtoa. Alipopata ruhusa ya daktari alikuja na fimbo, akasimama chini akamwita kwa sauti ya darasani: "Kijana! Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Shuka!" Akashuka. Wakaanza wawili, uani, pale tunapoanika nguo, hewa inapita. Wakaja wengine waliopona, wamesikia kuna kocha asiyemkimbiza mtu. Viti vyangu vya wateja vikahamia uani, kimoja mbali na kingine. Wanainuka, wanakaa, wanapoza chai isiyokuwepo. Anayehema anaambiwa apumzike, na anayejifanya jabali anatumwa kwanza kwa daktari. Wanalipa wanachoweza, na asiyeweza anaanua nguo za watu mvua ikija. Mimi nashona dirishani nawatazama.

Siku moja gari safi lilisimama kwenye lango. Dereva akamteremsha mama mtu mzima, amekonda, barakoa mpya usoni, akamfikisha uani kisha akaenda zake. Mama akasalimia wote kwa adabu, akasema ametoka kuumwa na miguu haina nguvu. Chuma akamuuliza nani amemwelekeza.

"Mwanangu, yule mwenye jimu. Amesema wewe unawapeleka watu polepole."

Nilisimamisha cherehani. "Na kwa nini hakukupeleka kwake, mama? Si ana mashine zote?"

"Kule amenikataza, mwanangu. Tangu natoka hospitali. Ile siku ya kufungua nilitaka niende nikamwone mwanangu anavyosifiwa, akaniambia mama usithubutu, moyo wako bado, jasho litakuua."

Hata wale waliokuwa wanahesabu pumzi walisahau kuhesabu. Kumbe alijua! Mtu akikosea kwa kutojua, utamfundisha. Huyu alijua kila kitu, akamfungia mama yake mlango, akawafungulia wazazi wa wenzake. Nilitupa mkasi nikatoka mpaka uani, sijui nilitaka kumfanya nini bibi wa watu, lakini Chuma alinitazama akatikisa kichwa. Akavuta kiti, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka mahali penye kivuli.

"Karibu, mama. Kaa kwanza upumzike."

Mama akakaa. Jirani yake, kwa hatua chache, alikuwa Mwalimu, fimbo katikati ya magoti. Mama akamgeukia kwa huruma ya mgonjwa kwa mgonjwa.

"Na wewe baba, uliumwa sana?"

Mwalimu aliiweka fimbo chini.

"Niliumwa, mama, nikapona," akasema. "Halafu mwanao akaniita nije nitoe jasho."