Samli Usoni mwa Nyanya

Wiki jana mzee mmoja aliingia studioni kwangu hapa Garissa, akajitupa kitini bila hata salamu, akasema, "Joto la huku halijabadilika." Rafiki yangu, sauti ile! Alikuwa yule mpiga picha wa Tarbaj. Yeye hakunijua. Angenijuaje? Enzi hizo nilikuwa kasichana ka kubeba maji.

Tarbaj ya utoto wangu ilinukia moshi wa kuni na chai ya iliki. Asubuhi niliamshwa na mbuzi wakigombana zizini, na nyanya akimimina anjera kikaangoni, chsss. Ile ya kwanza, iliyoungua pembeni, ilikuwa yangu daima. Baba alikuwa kazini Uarabuni, miaka hatujamwona. Siku moja ikaja barua yake: nitumieni picha ya mama yangu, nimeanza kumsahau uso.

Nyanya hakuwahi kupigwa picha maishani. Alifukiza shela yake ubani, kisha akajipaka samli uso mzima, kama walivyofanya wanawake wa rika lake siku za heshima. Alitaka ngozi ing'ae, mwanawe ajue mama anakula vizuri.

Mpiga picha alikuwa mtu wa bara, na alikuwa na flashi moja tu. Kabla yetu aliingia ofisa fulani, nami nikachungulia penye pazia. Mpiga picha alimpangusa jasho kwa leso, akaielekeza flashi kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mwanga ukarudi taratibu na kumwangukia ofisa usoni. Kwa hiyo alijua kwamba flashi ya moja kwa moja huufuta uso unaong'aa! Hilo ndilo lililonikaa rohoni hadi leo. Ilipofika zamu ya nyanya, leso hakuigusa, flashi hakuigeuza. "Tazama hapa, mama." Paa! Akaita mwingine.

Picha ilipotoka, uso ulikuwa mweupe pe, unametameta kama sufuria mpya. Macho hayakuonekana, meno tu. Nyanya aliigeuzageuza, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii bicha ni ya nani?"

Yule bwana akacheka. "Kamera haidanganyi, mama. Uso ni huo huo."

Kana kwamba hiyo haitoshi, akatundika nakala mlangoni kwake, na watu wa soko wakawa wanasimama kucheka. Nyanya alichana yake, hakutuma kitu, na hakukaa tena mbele ya kamera. Alifariki kabla baba hajarudi. Baba aliporudi alinikalisha chini, akaniuliza mama yake alikuwa anafanana vipi uzeeni. Nilimweleza habari za shela na ubani; uso sikuweza kumchorea.

Watu hudhani nilijifunza kazi hii kwa kuipenda. Wapi! Niliisomea kwa hasira.

Basi, mzee wangu akaeleza kwamba kesho yake anarudi bara moja kwa moja, na anataka picha moja nzuri ya kutundika sebuleni, wajukuu wamkumbuke. Uso ulimlowa jasho na mafuta. Mkono wangu una mazoea yake: nilimpangusa, nikageuza flashi ukutani, nikapiga. Ikatoka safi, Wallahi. Kila kunyanzi mahali pake, macho mapole. Nikaitazama: hivyo ndivyo nyanya angetoka. Nikaifuta.

"Umetikisika kidogo, mzee. Turudie."

Nilingoja jasho limrudie, tena bila haraka. Kisha flashi ikamlipukia usoni moja kwa moja. Nikaichapisha kubwa, nikampa kwa mikono miwili.

Aliigeuzageuza. "Mama, huyu ni nani? Kamera yako ina hitilafu?"

"Kamera haidanganyi, mzee. Uso ni huo huo."

Alinikazia macho. Sijui kama alikumbuka. Alitoka nayo kwapani.

Unangoja niseme najuta? Sijuti hata chembe. Zizi la Tarbaj limebaki vumbi, kikaango kilitoboka zamani, na baba naye ametangulia bila jibu. Hata mimi, nikifumba macho, napata harufu ya samli na ubani, lakini uso wa nyanya hauji. Sasa na wale wajukuu wakae sebuleni kwao, waulizane babu yao alikuwa anafanana vipi.